Kumchoma mpendwa bila sherehe: mambo ya kumaliza kabla moto haujawashwa

Simu nyingi za huduma hii huja usiku, na anayepiga huwa ananong'ona. "Mama, samahani, ni ninyi mnaochoma?" Utadhani anauliza jambo la haramu. Nami hujibu, "Ni sisi, mwanangu. Pole sana. Ni nani ametutoka?" Mara nyingi sababu ya kunong'ona ni kwamba sebuleni wameketi baba mdogo, shangazi na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, na hao wote bado hawajaambiwa kuwa marehemu aliacha neno kwamba asizikwe.

Makala haya nimemwandikia huyo anayenong'ona.

Huduma yenyewe haina mambo mengi. Tunauchukua mwili mochari, tunaupeleka kwenye tanuri hapa Nairobi, unachomwa bila umati wala hotuba, na baadaye tunawakabidhi majivu. Hakuna hema, hakuna basi la waombolezaji, hakuna kupanga mstari kutazama mwili. Mkitaka, watu wawili watatu huja wakasimama na kuomba. Msipoweza kuja, dereva wetu na mimi hubaki na marehemu mpaka mlango wa tanuri ufungwe. Hilo hatulitozi na hatuliruki. Ibada ya kumbukumbu mtaipanga wenyewe kwa nafasi yenu, kanisani au nyumbani, wiki hiyo hiyo au hata miezi miwili baadaye ndugu wa ng'ambo watakapopata likizo.

Wapo wanaodhani hili ni jambo la juzi, au la watu waliokosa pesa za jeneza. Si kweli. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Kianglikana alichomwa, na mkewe alimtangulia kwa njia hiyo hiyo. Mwanasiasa Kenneth Matiba alichomwa kwenye tanuri la Lang'ata, hapa Nairobi, mwaka 2018. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira aliyefariki Septemba 2011, hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, basi jeneza lake likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji, na mwili ukachomwa kwenye tanuri la Kariokor, pia hapa Nairobi. Aliye karibu zaidi na huduma ninayoieleza hapa ni Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom. Alifariki tarehe 1 Julai 2019, kesho yake akachomwa Kariokor, na ibada ya kumkumbuka ikaja baada ya hapo. Mwili ulitangulia, maneno yakafuata.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha usingizi.

Kaburi likichimbwa mahali pasipofaa, mahakama inaweza kutoa amri lifukuliwe. Ni jambo chungu, lakini linawezekana. Moto hauna amri ya kuurudisha nyuma. Kwa hiyo katika kazi yetu tanuri ndilo sehemu fupi kuliko zote, na subira yote tunaitumia kabla ya kufika hapo.

Nitawaambia tulivyojifunza. Miaka yetu ya mwanzo, kijana mmoja alituletea karatasi zake zote zikiwa sawa: kibali, kitambulisho cha marehemu baba yake, barua ya mochari. Alikuwa kifungua mimba, akatuambia familia imekubaliana. Tukaamini. Mwili ukachomwa asubuhi. Jioni mdogo wake akateremka kwenye basi la Mombasa, amebeba suti mpya aliyomnunulia baba yao, akaja ofisini kuuliza atamvalisha saa ngapi. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa kiti, akakaa na ile suti mapajani mpaka giza likaingia. Kosa lilikuwa letu. Hatukuwa tumempigia simu mtu mwingine hata mmoja.

Tangu siku hiyo sahihi moja haitoshi kwetu. Tunataka ya mume au mke aliye hai, ya kila mtoto aliye mtu mzima, na ya wazazi wa marehemu kama Mungu bado amewaweka. Aliye mbali tunampigia kwa video na kumsikia kwa masikio yetu. Kisha tunaacha usiku mmoja upite. Wateja wengine hukasirika: "Mama, karatasi si zimekamilika? Mochari inahesabu siku!" Nawaelewa, kwa sababu mochari kweli inahesabu siku. Lakini nimeona mtu akitia sahihi saa kumi jioni akiwa amechoka na kilio, halafu saa moja asubuhi akapiga simu akasema, "Mama, nimeota baba, tusimame kidogo." Tukasimama. Siku ya nne familia ikarudi yote pamoja, ikasema sasa tuendelee. Zile siku tatu zilikuwa na thamani kuliko bili ya mochari.

Mtu akiniambia, "Lakini marehemu aliandika," namwambia wosia ni msaada mkubwa, ila usiuchukulie kama umemaliza maneno. Wakenya wa rika langu hatujasahau kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Ngong na alisema hayo ndiyo aliyoyataka mumewe. Ukoo wa mumewe, Umira Kager, ukataka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi. Kutoka kufa hadi kuzikwa zilipita siku 154. Ukitaka neno lako liheshimiwe, usilifungie kwenye bahasha. Liseme ukiwa hai, mezani, mbele ya wale wale watakaopinga. Anayepinga ukiwepo unaweza kubishana naye. Usipokuwepo, wa kubishana naye ni mjane wako.

Wazee wanaopinga siwadharau hata kidogo. Kwa jamii nyingi kaburi ni hati ya shamba: pale alipolala babu ndipo wajukuu wanaposimama na kusema hapa ni kwetu. Mzee mmoja kutoka Siaya aliniuliza, "Mwanangu, nikiwa moshi, watoto watanionyesha wapi?" Ni swali la haki, na lina jibu. Majivu huzikwa. Familia nyingi huchimba shimo dogo nyumbani, wakaweka jiwe lenye jina au wakapanda mti, na wajukuu wakaonyeshwa pale. Tena kuzika kwenyewe si desturi ya tangu na tangu kwa kila mtu. Miongoni mwa Wakikuyu wa zamani na Wamaasai, wengi walilazwa porini, na kaburi likawa la wazee wachache wenye heshima. Njia za kumsindikiza mtu zimewahi kubadilika, na waliozibadilisha walikuwa wakiwapenda wafu wao kama sisi.

Jambo jingine la kumaliza mapema ni damu. Majivu hayawezi kupimwa vinasaba, yaani DNA. Kama kuna mtoto ambaye nasaba yake inaweza kuulizwa siku za mbele, au urithi ambao ndugu wameanza kuunong'ona, sampuli ichukuliwe mochari kabla mwili haujatoka. Mimi huuliza swali hili kila familia, hata ile inayoonekana haina neno, ili yeyote asione amelengwa. Mara mbili mjane amenishika mkono baada ya wengine kutoka na kusema asante kwa kuuliza.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi. Kifo kilichotokea hospitalini huandikwa na hospitali. Cha nyumbani hupitia kwa naibu wa chifu. Hapo ndipo kinapotoka kibali cha mazishi, ambacho ndicho tunachokihitaji. Cheti cha kifo hufuata baadaye. Bili ya hospitali iwe imelipwa au mmeandikiana mkataba nao. Kifo kikiwa cha ajali, cha ghafla, au chenye shaka yoyote, mwili haugusi tanuri mpaka upasuaji wa uchunguzi ufanyike na polisi waridhike. Hapo hata mnisihi vipi sitasogea, maana ushahidi ukiungua umeungua.

Mapema iwezekanavyo, waambieni mochari kwamba mwili utachomwa. Kama ni ndani ya siku chache, haulazimiki kudungwa dawa za kuuhifadhi, na hiyo ni gharama moja mnayoiepuka. Waulizeni pia kama marehemu alikuwa na peismeka, kile kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Lazima kitolewe, kwa sababu betri yake hulipuka kwenye joto. Pete, saa na mkufu viondolewe na kukabidhiwa mtu mmoja mbele ya mwingine. Jeneza liwe la mbao za kawaida, bila vishikio vya chuma na bila vanishi nzito. Msiende kununua lile la kung'aa lenye kioo. Nimewahi kuwarudisha watu dukani, na haipendezi kumrudisha mtu dukani siku kama hiyo.

Ndani ya tanuri joto huwa kati ya nyuzi 800 na 1,000 za selisiasi, na kazi huchukua saa mbili, wakati mwingine tatu. Kinachobaki ni vipande vya mifupa, ambavyo husagwa. Ndiyo maana majivu ya mtu hayafanani na ya jikoni: ni mazito, meupe ya kijivu, kama mchanga wa pwani uliokauka. Ya mtu mzima huwa kilo mbili hadi tatu hivi. Namwambia kila mteja uzito huu kabla ya kumpa chombo, kwa sababu mikono hushtuka. Kuna mama alipokea ya bintiye akasema ni uzito ule ule aliopokea hospitalini siku ya kwanza. Tangu hapo siwakabidhi watu majivu wakiwa wamesimama.

Dini. Mwislamu hatumchomi. Dini yake inataka aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe na azikwe, na familia ikija kwetu tunaiunganisha na msikiti wake. Wahindu wana taratibu zao na wazee wao wanaozijua kuliko sisi, na tanuri la Kariokor ni la jamii yao tangu zamani, ingawa hupokea na wengine. Wakatoliki huniuliza sana. Kanisa limeruhusu tangu mwaka 1963, lakini mwongozo wa Vatikani wa 2016 ulisisitiza kwamba majivu yakae mahali patakatifu, yasimwagwe hewani wala majini, yasigawanywe kati ya watoto. Nendeni kwa padri kabla ya kuja kwangu. Nimemwona mzee mwema akinyimwa amani ya moyo kwa sababu watoto walimwaga majivu ya mama yao Naivasha bila kumuuliza mtu yeyote, wao wakidhani wanamheshimu. Madhehebu mengine hutofautiana, hata mchungaji na mchungaji, basi ulizeni wa kwenu.

Ndugu zetu walioko Marekani, Uingereza na Ghuba wana sababu nyingine. Kusafirisha mwili kwa ndege kunaweza kuwamalizia michango yote, na wengine hubaki na deni huku wakiomboleza. Panapowezekana na familia ikikubali, mwili huchomwa huko na majivu yakaja nyumbani na mtu, ndani ya mkoba wake wa mkononi. Chombo kiwe cha mbao au plastiki, kisiwe cha chuma, ili mashine ya uwanja wa ndege iweze kuona ndani. Beba cheti cha kifo na hati ya kuchomwa, na uulize shirika la ndege mapema. Ukifika, tunaweza kukusaidia kutafuta jiwe na fundi wa kulichonga.

Bei tunaiandika kwenye karatasi moja, mnaipata siku ya kwanza: gari, jeneza, ada ya tanuri, chombo cha majivu, kazi yetu. Bili ya hospitali na siku za mochari si zetu na hatuwezi kuziahidi. Kama mtu anakutajia jumla moja bila kukuonyesha vipande vyake, mwombe avitaje, hata kama mtu huyo ni sisi. Na kama kuna kamati tayari imechanga kwa ajili ya mazishi makubwa, waambieni wazi pesa zitakazobaki zitafanya nini: karo ya watoto, dawa zilizokopwa, jiwe. Ugomvi mwingi niliouona baada ya majivu kutoka haukuwa wa moto. Ulikuwa wa pesa zilizobaki bila maelezo.

Mkiamua kutupigia, pigeni saa yoyote. Nitakuuliza jina la marehemu kwanza, kwa sababu nitalitumia siku zote hizo badala ya kusema "mwili". Kisha nitauliza yuko mochari gani. Kisha nitauliza ni nani katika familia bado hajaambiwa, na kama yuko chumba cha pili na unanong'ona, nitasubiri utoke nje.