Mbona jicho halioti meno

Shangani, Mtwara

Shoga yangu Somoe,

Sisi wazima. Siku ile ya maulidi kwenu Lindi uliniuliza: kama kila seli ina jeni zile zile, yale maagizo ya kuujenga mwili, mbona jicho halioti meno? Nami, mdomo umejaa pilau, nikakujibu kwamba seli ikishakuwa ya jicho huzitupa jeni za meno. Mwalimu mzima wa baiolojia! Nilijilaumu njia nzima hadi Mikindani.

Hazitupwi. Mwaka 1962 Mwingereza John Gurdon alieleza jinsi alivyochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza katika yai la chura lililoharibiwa kiini chake. Akapata viluwiluwi wazima. Kumbe utumbo ulikuwa bado na kila kitu, macho na yote.

Ni kama kasha lako la kanga. Zote zako, ila za chini zimebanwa hata mkono haufiki. Uzi wa DNA, ambao ndio wenye jeni, kama mita 2 kwa kila seli, umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Pakikazwa sana, jeni za hapo hazisomeki. Tena kemikali ndogo, methili, hubandikwa juu ya DNA yenyewe, mara nyingi kuizima jeni, na seli ikigawanyika alama hiyo hurithiwa. Ndiyo maana ini huzaa ini.

Zilizonivutia mimi ni seli shina za kiinitete, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa za kiungo gani. Jeni zake nyingi za kuunda viungo zina alama mbili kwa pamoja, ya kuruhusu na ya kuzuia: mlango umerudishwa tu, komeo bado. Seli ikielekea kuwa ya neva, milango ya neva hufunguka, ya damu hukomewa, na OCT4, jeni inayoishikilia seli ibaki shina, huzimwa kisha hubandikwa methili.

Wewe uliyekulia Newala, kule juu mlimani, utanielewa. Maji yakishateremka bondeni Ruvuma, nani huyarudisha juu? Watu na ndoo, halafu pampu. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani aliingiza jeni 4, OCT4 ikiwemo, kwenye seli za mkia wa panya, zikarudi kuwa shina. Mwaka uliofuata akafanya kwa za binadamu. Zilizokubali zilikuwa chache mno. Na ndoo nayo hufika nusu. (Alizaliwa 1962 hiyo hiyo ya vyura. Nobel ya 2012 akagawana na Gurdon.)

Mwambie na shemeji, maana alilikubali jibu langu bovu kwa kutikisa kichwa. Korosho zako kilo 2 nimeshabangua. Zifuate kabla watoto hawajaziona.

Wako,
Zuhura