Wenye homa ya ini nao wapewe dawa

Ndugu Mhariri,

Wagonjwa wengi wa homa ya ini aina ya B hujinunulia tenofoviri, dawa ileile ambayo wenye VVU hupewa bure kliniki. Ni kidonge kimoja kwa siku, mara nyingi maisha yote. Hakimalizi virusi; kinavizuia visizaliane, ili ini lisipate makovu wala saratani. Fedha zikiisha mgonjwa anaacha, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo: virusi vinaweza kurudi kwa kasi na ini likashindwa kazi ghafla. Tena wengi hawaumwi popote, hivyo kuacha huonekana jambo dogo.

Naiomba Wizara ya Afya iruhusu kliniki za VVU ziwahudumie na hawa.

Msomaji,
Mwanza