Kipato cha mvuvi hakipimwi kwa dodoso pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna data za tafiti za kitaaluma zinavyokusanywa kwa wavuvi na wachuuzi wa samaki hapa Bagamoyo. Nimefanya kazi ya usaidizi wa utafiti katika mwambao huu kwa muda mrefu, na jambo hili linaniuma, kwa sababu yanayoandikwa hapa ndiyo yanayosomwa baadaye kama ukweli wa maisha ya watu wetu.

Wanafunzi wengi hutujia kati ya Julai na Septemba, vyuo vikiwa likizo. Huo ni msimu wa kusi, bahari imechafuka, na vyombo vidogo hulala ufukweni siku nyingi. Mvuvi akiulizwa wakati huo amepata kiasi gani wiki iliyopita, atatoa jibu la kweli, lakini ni jibu la kusi. Kulizidisha mara 52 ili lipatikane pato la mwaka ni kuufuta msimu mzima wa kaskazi. Hata ndani ya mwezi mmoja hali haifanani. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutoka nyakati za giza na kupumzika mbalamwezi ikiwaka, ilhali wakulima wa mwani wa Mlingotini na wanaotafuta pweza miambani hungojea bamvua, maji yanapokupwa mbali. Mtafiti aliyekaa siku tatu na kurudi chuoni hawezi kuyaona hayo, hata madodoso yake yakijazwa kwa uangalifu wote.

Lipo pia swali ambalo halikosekani: "Kipato chako kwa mwezi ni shilingi ngapi?", likifuatiwa na visanduku vya kuwekea alama ya vema. Baharia hana mshahara. Samaki wakishanadiwa, hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chakula, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu ya chombo, nyavu, nahodha na mabaharia, kwa utaratibu unaotofautiana kati ya chombo na chombo. Na kabla ya mnada kila mmoja ameshatengewa kitoweo cha nyumbani, ambacho hakiingii katika hesabu yoyote. Nimemshuhudia mhojiwa akinyamaza, si kwa kuficha, bali akijaribu kuyajumlisha yote hayo kichwani, na mtafiti aliyekuwa na haraka akamwekea alama kwenye kisanduku cha pili. Alama ile iliingia katika kompyuta na kuhesabiwa kama kipimo.

Dodoso lina kazi yake. Kwa umri, elimu, aina ya chombo au idadi ya watu katika kaya, linawafikia wengi kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Lakini hata hapo sampuli hutuangusha. Wengi hutumia kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, ambayo kwa watu 1,000 na kosa la asilimia 5 hutoa sampuli ya watu 286, na kanuni hiyo inataka wahojiwa wachaguliwe kwa nasibu, kila mmoja akiwa na nafasi sawa. Anayewahoji watu 286 wa kwanza kukutana nao soko la samaki asubuhi ametimiza idadi tu; walioko baharini na wanaoshusha samaki katika madiko madogo hawakuwa na nafasi hata kidogo.

Anayetaka kujua kipato akae mnadani, apime samaki, aandike bei, kisha alinganishe na daftari za vikundi vya ulinzi wa rasilimali za bahari pale zinapokuwepo. Anayetaka kujua kwa nini mgao uko hivyo ulivyo, afanye usaili wa kina na manahodha na mabaharia, kila upande peke yake, maana baharia aliyekaa mbele ya tajiri wake hawezi kusema habari za mgao. Wanawake wanaokaanga samaki nao wakutanishwe katika kikundi chao, baada ya saa za biashara, si wakiwa wamesimama jikoni mafuta yanachemka. Na majina na namba za simu zisidaiwe pasipo sababu, hasa sasa tunapokuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ninawaomba wahadhiri wanaosimamia tafiti hizi wasipitishe dodoso ambalo halijajaribiwa kwa wavuvi wachache kabla ya kazi yenyewe kuanza, na wampe mwanafunzi angalau mwezi mwandamo mmoja, aone giza na mbalamwezi, bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana. Ikiwa ratiba ya chuo hairuhusu kuja wakati wa kaskazi, basi iandikwe wazi katika ripoti, tena mwanzoni, kwamba takwimu hizo ni za kusi.

Wako,
Msaidizi wa utafiti,
Dunda, Bagamoyo.