Vanishi haigumuishi mwembe uliooza

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika katika safu hii kwamba mwembe uliolainika ukipakwa vanishi mikono mitatu unakuwa mgumu na unafaa kukerezwa bakuli. Naomba nafasi nimpinge, maana vijana wa hapa Isevya wamemfuata na kazi zinawarudia.

Vanishi hukaa juu, mti umeoza ndani. Ile mistari myeusi ya mti huo, wateja wanayoipenda, huchorwa na kuvu: kundi moja likikutana na jingine, hujenga ukuta mweusi kujilinda. Katikati ya kuta hizo mti unaliwa, unabaki mweupe na mwepesi, ukibonyeza kwa ukucha unaingia. Ukiufunga kwenye mashine, patasi inateleza vizuri penye ugumu, ikifika penye ulaini inang'oa nyuzi. Msasa nao haukuokoi. Unakula palipo laini, pagumu panabaki pameinuka, na bakuli zima linakuwa mabondemabonde.

Kwanza kausheni. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 20, kuvu haziendelei kula. Kiangazi cha Tabora kinatosha, mradi vipande vikae kivulini na vichwa vyake vipakwe nta ya nyuki, ambayo sisi hatuikosi, visipasuke.

Palipolainika kidogo tu, tumieni supaglu ile nyepesi inayotiririka kama maji. Dondosha, iache ikauke, kereza, dondosha tena, kwa sababu kila patasi ikipita inafunua ulaini mwingine. Pembeni yake paka kwanza vanishi nyembamba gundi isiache doa. Hapo ndipo vanishi ina kazi! Na barakoa msiivue: vumbi la mti wenye kuvu ni baya kifuani, na mvuke wa gundi unachoma macho.

Kipande kilicholainika chote kinahitaji rezini, yaani gundi ya majimaji inayogumuka kwa joto. Kikaushwe kwenye oveni, nyuzi joto 100 na ushee, mpaka uzito uache kupungua. Maji yakibaki, rezini haina pa kuingia. Kisha kinazamishwa kwenye rezini ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na kompresa ya friji bovu inafyonza hewa mpaka mapovu yaishe. Ukifungulia hewa, yenyewe ndiyo inaisukuma rezini hadi kiini. Kiache kilowe, kifunge kwa karatasi ya alumini, kirudishe kwenye oveni, nyuzi 90 hivi. Gundi za kuchanganya chupa mbili msizitie humo, zitagandia chomboni.

Wageni kwenye video zao husema mshale wa geji, ile saa inayopima hewa iliyofyonzwa kwa inchi za zebaki, ufike inchi 29. Hapa Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata pampu nzima itaishia kwenye 26 hivi. Fundi friji asije akakuuzia kompresa nyingine kwa sababu hiyo.

Rezini yenyewe sijaiona dukani hapa mjini. Wenye maduka ya vifaa wakileta hata galoni moja, wanunuzi tupo.

Na ndugu yetu wa mikono mitatu, namwomba akate bakuli lake katikati kwa msumeno, atuandikie vanishi imeingia milimita ngapi.

Fundi mkerezaji,
Isevya, Tabora