Barabara za viungani mwa Malindi zitengwe kabla mashamba hayajaisha

Mhariri,

Mpango jumuishi wa maendeleo wa Kaunti ya Kilifi wa 2023 hadi 2027 unaelekea ukingoni, na maofisa watalazimika kuandaa ule utakaoufuata. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaoshughulikia mipango ya Manispaa ya Malindi waanzie viungani, kule Muyeye, Kwa Ndomo, Ganda na Msabaha, kabla ya kurudi kuupamba ufuo na mitaa ya katikati ya mji.

Huku ndiko mji unakokua. Shamba la mikorosho au minazi likiuzwa hukatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, bikoni za mipaka zikawekwa, na kila mnunuzi akajenga ukuta wa mawe hadi kwenye mpaka wake. Kwa kuwa mwenye shamba anataka viwanja vingi, huacha kinjia chembamba tu. Na kwa kuwa shamba la jirani hugawanywa na mtu mwingine kwa vipimo vingine, kinjia hicho huishia ukutani. Tuktuk hufika hapo ikageuza, mgonjwa akabebwa mikononi hadi barabarani. Lori la kunyonya maji taka halifiki kabisa.

Hilo la lori lina uzito kuliko linavyoonekana. Nyumba nyingi za huku hutegemea shimo la choo lililochimbwa uani, na mwamba wetu wa pwani ni wa matumbawe yenye matundu, ambayo hupitisha maji kwa urahisi. Maji ya bomba ya kutoka Baricho yakikatika, watu hurudi visimani, na kisima mara nyingi kiko hatua chache tu kutoka choo cha jirani. Mvua za El Nino za mwisho wa 2023 zilipotunyeshea, maji yalisimama vichochoroni kwa sababu kuta zilikuwa zimeziba mikondo yake ya zamani, na yaliyokuwa ndani ya mashimo yakapanda juu.

Sheria za kuzuia hali hii zipo. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inaitaka bodi ya manispaa iwe na mpango jumuishi wa maendeleo, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza fedha za umma kutengewa shughuli iliyo nje ya mipango. Maana yake ni kwamba barabara ambayo haikuandikwa leo haitapata hata shilingi kesho. Tena, chini ya sheria ya matumizi ya ardhi ya 2019, anayegawa shamba hana budi kuomba idhini ya kaunti, na idhini inaweza kuwekewa masharti. Sharti la kwanza liwe barabara inayoungana na ya jirani, yenye nafasi ya mtaro.

Wapo watakaosema kwamba mwenye shamba atapoteza viwanja. Atapoteza viwili vitatu, lakini dalali yeyote wa Malindi anajua kwamba kiwanja chenye barabara huuzwa kwa bei nzuri zaidi, ilhali kaunti ikija kuvunja kuta baadaye, fidia italipwa kwa kodi zetu sote.

Hofu ninayoiheshimu zaidi ni ya majirani wasio na hatimiliki, ambao wazee wao walizikwa katika ardhi hizi na ambao kila wanapomwona mpimaji hudhani anakuja kuwafurusha. Mpango usiotamka waziwazi kwamba watu hao wamo ndani yake utapingwa, na kwa haki. Kwa hiyo ramani ibandikwe katika ofisi za machifu na wadi wiki kadhaa kabla ya vikao vya kuchukua maoni, ikiwa na majina ya mahali tunayoyatumia sisi, na vikao vyenyewe vifanyike huku huku. Kugawiwa muhtasari mlangoni mwa ukumbi wa mjini, kisha kutakiwa kutoa maoni saa hiyo hiyo, hakumsaidii mtu yeyote.

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hutakiwa kufikishwa katika bunge la kaunti kabla Septemba 1 haijapita. Nawaomba wawakilishi wa wadi zetu wahakikishe kwamba katika ule ujao, upimaji wa barabara na mitaro ya Muyeye na Kwa Ndomo una kifungu chake cha fedha.

Mkaazi wa Muyeye,
Malindi