Shukrani kwa fundi aliyetuokolea ramani

Kwako fundi usiyetaka jina lako litajwe: ahsante sana, Mungu akuzidishie. Zile ramani ndogo za nchi za hadithini tunazozifunga ndani ya vidani vya rezini, kile kimiminika kinachoganda kikawa kigumu kama kioo, zilikuwa zikitoka na mabaka, kama karatasi iliyomwagikiwa mafuta. Ulitazama mara moja ukasema karatasi inakunywa rezini. Dawa yake ni gundi nyeupe ya mbao, ipakwe mara mbili, mbele, nyuma na hasa kwenye kingo, maana rezini hupenyea huko. Mpako wa kwanza ukauke kabisa ndipo upakwe wa pili. Ukatuonya pia kwamba ramani iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji huchuja ikiguswa na gundi. Ya leza haichuji.

Somo la vipimo ndilo tunalokushukuru zaidi. Rezini na kigumishi chake hupimwa kama lebo ya chupa inavyosema, kwa ujazo au kwa uzito, na hivyo viwili si kitu kimoja. Anayezidisha kigumishi ili ikauke upesi hubaki na kidani kinachonata siku zote. Koroga polepole dakika 3, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Kasi huingiza mapovu. Mimina tabaka jembamba, laza ramani, mimina tena, funika vumbi lisiingie, acha saa 24. Glavu mikononi, madirisha wazi.

Kidani cha kwanza kisicho na baka tumekuwekea.