Asiyeona na mwenye kiti cha magurudumu wapewe nafasi kwenye kerezo

Ndugu Mhariri,

Tupatie nafasi tuseme neno kuhusu kukereza, kazi ya kuchonga mti ukiwa unazunguka kwenye mashine iitwayo kerezo, inayotupa miguu ya vitanda, viguzo vya ngazi, mipini na mabakuli. Mara nyingi mtu asiyeona, au anayetumia kiti cha magurudumu, akiomba kujifunza useremala huelekezwa kwenye vikapu au cherehani bila hata kusogezwa karibu na mashine. Sisi tunaofundisha kazi hii tunaona vinavyomzuia ni swichi mbovu, kimo cha stendi na mazoea ya kufundisha kwa kuonyesha tu. Vitu hivyo fundi umeme na welda wa mtaani wanaviweza, na mwalimu anaweza kubadili mazoea yake.

Umeme kwanza, maana hapo ndipo penye hatari. Mashine nyingi zimefungiwa swichi ya kawaida, kama ya taa. Umeme ukikatika mashine husimama na swichi ikabaki imewashwa. Mtu hushika mti apime, umeme hurudi, na mti huanza kuzunguka mkononi mwake. Anayepima kwa vidole ndiye wa kwanza kuumia. Dawa yake ni kontakta, yaani swichi ya sumaku, yenye vitufe viwili: umeme ukikatika hujiachia, na mashine haiwaki mpaka kitufe kibonyezwe upya. Kitufe cha kuzimia kiwe kipana kama kiganja na kifungwe upande wa mkia wa mashine, mwisho usio na mota, ili mkono usipite juu ya mti unaozunguka. Swichi ya mguu haimfai mwenye miguu isiyo na nguvu, kwa hiyo yeye awekewe upau wa kusukuma kwa kiwiko.

Kwa asiyeona, maandalizi yote hufanywa mashine ikiwa imezimwa. Egemeo la patasi liachwe milimita 5 kutoka kwenye mti. Kata kipande cha ubao cha unene huo, kibane katikati, kaza egemeo, kisha kitoe. Kimo cha egemeo nacho kipimwe kwa kijiti kilichokatwa kusimama juu ya kitanda cha mashine, yaani pau zake za chini. Halafu mti uzungushwe kwa mkono duara zima. Pembe ikigonga egemeo, sauti itasema. Kwa mti wa pembe nne wa sentimita 5, anza na mizunguko 800 hadi 1,000 kwa dakika. Ukishaviringika, 1,500 inamtosha mwanafunzi.

Sasa patasi. Kosa tunaloliona sana ni mwalimu kusimama nyuma ya mwanafunzi na kumshika mikono. Hapo mwanafunzi husikia nguvu za mwalimu, haisikii patasi. Mwalimu ndiye ashike bobari, yaani patasi ya mviringo, na mwanafunzi aweke mikono yake juu ya ile ya mwalimu. Patasi iguse egemeo kwanza, kabla haijagusa mti. Kisha mgongo wa makali uegemee mti bila kukata, ndipo mpini unyanyuliwe polepole mpaka maranda yaanze kutoka. Ukianza na ncha, patasi hunaswa, mti hung'oka au mpini humpiga mtu mbavuni. Kidole cha shahada cha mkono wa mbele kitambae chini ya ukingo wa egemeo. Hicho ndicho reli yake, na kisipande juu kamwe.

Sauti humweleza mengi. Mti wenye pembe hugonga ta-ta-ta. Kadiri unavyoviringika kugonga hupungua, na kwa kawaida dalili ya kuwa umekwisha kuviringika ni mvumo mmoja usiokatika. Patasi butu hukwaruza na kutoa vumbi badala ya maranda. Ndiyo maana tunawasihi wakuu wa karakana: asiyeona akiwa kazini, randa ya umeme na kompresa zizimwe au zihamishiwe chumba kingine. Kumwacha katika kelele hizo ni sawa na kumzimia taa anayeona. Ngao ya uso avae kama wengine, kwa kuwa kipande cha mti kikiruka huvunja taya na meno pia.

Kujua mashine imesimama, aguse gurudumu la chuma lililo nyuma ya kichwa cha mashine, lile laini, asiguse mti. Inveta, yaani kifaa cha kuongoza kasi ya mota, ikiwa na breki husimamisha mota kwa sekunde chache na hurahisisha jambo hili sana. Vipimo navyo si tatizo. Kata mdomo wa milimita 40 kwenye plaiwudi. Ukiingia kwenye mti, unene umefika. Kwa mapambo, pigilia misumari midogo kwenye ukingo wa ubao kwa nafasi unazotaka, ubane kwenye mti huku ukiuzungusha kwa mkono, na ukucha utaipata mikwaruzo yake. Kina cha bakuli hutobolewa kwanza kwa keekee iliyozungushiwa utepe mnene. Tundu likitoweka chini ya kidole, umefika chini.

Mwenye kiti cha magurudumu ana shida nyingine. Mhimili wa mashine, yaani mstari ambao mti huuzunguka, unapaswa kuwa usawa wa kiwiko chake akiwa amekaa, lakini magoti nayo yanataka nafasi hapo hapo. Ukishusha mashine, kitanda chake hukaa mapajani. Ukiipandisha, mabega huinuka na mkono huchoka mapema. Suluhisho ni kuinamisha mashine nzima kuelekea kwake, ili mhimili usogee mbele na kitanda kibaki nyuma, magoti yakapita chini. Marekani na Kanada zipo mashine zilizoundwa hivyo tangu kiwandani, lakini stendi ya vyuma vya pembe inatosha kwa mashine ndogo. Isisahaulike tu kufungwa sakafuni kwa bolti, kwa sababu uzito umehamia mbele na itapinduka. Sehemu za kuegemeza mikono kwenye kiti ziondolewe, maana mpini mrefu hugonga hapo. Mpini wa sentimita 30 unatosha, mradi patasi isichomoze mbali kupita egemeo. Aproni iwe ya ngozi au turubai nene: asiyesikia maumivu mapajani hatajua kama patasi imemwangukia na kumkata.

Anayedhani kazi hii lazima ifanywe kwa kusimama awatazame mafundi wa Moroko wanaotumia kerezo la upinde. Hukaa chini, mkono mmoja ukiendesha upinde, mkono wa pili na mguu vikiongoza patasi.

Mwenye mkono mmoja tunamshauri patasi yenye kikombe cha kuegemeza kigasha, na egemeo lenye vijiti vya chuma vya kuzuia patasi isiteleze kando. Patasi isifungwe mkononi kwa mkanda. Ikinaswa, inavuta mkono mzima.

Mti wa kuanzia uwe mwembe: laini kiasi na rahisi kupatikana. Mpingo na mvule visubiri, kwani mpingo ni mgumu mno na vumbi la mvule huwasha pua na kifua.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri wa Tanzania mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Viwanda vya samani vitawapata wapi ikiwa karakana za kufundishia hazijawafungulia mlango? Tunaomba kila karakana itakayonunua mashine iagize yenye kontakta na inveta, na kabla welda hajaunganisha stendi, apime kiwiko cha mtu atakayeitumia.

Walimu wa kukereza,
Tanga